Swali la Mlima

Juzi nilisimama katikati ya chakula cha mchana nikaacha sahani yangu mezani. Ofisi yetu iko Posta, katikati ya Dar, na saa ya kula huwa tunakaa pamoja kwenye chumba kidogo cha nyuma, kila mtu na simu yake. Mwenzetu mmoja, kijana mpole tu siku zote, aliinua simu yake juu ili wote tuone video. Msichana kwenye shindano la maswali la televisheni ameulizwa mwaka una miezi mingapi, akajibu saba. Wenzangu wakaangua kicheko. Wakairudisha nyuma, wakaangalia tena. Mmoja akasema, "Na huyu utakuta ana digrii." Mwingine akasema, "Ndio maana nchi haiendi."

Mimi nilikuwa namtazama yule msichana. Alikuwa ameshajua. Mtu akikosea hivyo hujua kabla ya mwingine yeyote, na uso wake huwa kama wa mtu aliyeponyokwa na mtoto wa watu. Hapo hapo, katikati ya harufu ya wali na maharage, nikasikia puani harufu nyingine kabisa: vumbi linaloungua taratibu nyuma ya televisheni ya zamani iliyowashwa muda mrefu. Chakula kikanishinda. Rafiki yangu akanifuata kwenye korido. "Umekasirika nini? Si utani tu?" Sikumjibu pale. Nilikuwa na hasira nyingi kuliko maneno.

Sisi tulikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, duka mbele na vyumba nyuma. Baba aliuza vyombo: masufuria, sahani, chupa za chai, glasi. Glasi zilikuja kwenye maboksi, kila moja imeviringishwa kwenye gazeti kuukuu, na kazi ya kuzifungua ilikuwa ya Mama. Alifungua glasi, akaifuta, akaiweka rafuni, halafu akalinyoosha lile gazeti juu ya paja na kulisoma kabla ya kulitupa. Alisoma habari za wizi wa mwaka juzi, matokeo ya mpira yaliyosahaulika, makala za wanyama, barua za wasomaji, hata salamu za rambirambi za watu asiowajua. Baba alimtania. "Mama Godi, hilo gazeti limeshazeeka kuliko huyu mtoto." Godi ni kaka yangu mkubwa. Mtoto aliyezidiwa umri na magazeti nilikuwa mimi.

Jumapili tulitoka kanisani, tukala, halafu Baba akaivua ile televisheni kitambaa chake cha kufuma, akakikunja vizuri kama mtu anayekunja bendera, akaiwasha. Muda wa kipindi cha chemsha bongo ulikuwa umefika. Wapangaji wa vyumba vya uani walikuja na vigoda vyao. Bi Somoe, mama wa Kilwa aliyekaa chumba cha jirani na jiko letu, alikuja na mkeka wake mwenyewe kwa sababu hakupenda kochi. Na Baba, aliyekuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa, aliketi mbele kabisa na kuanza kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kuwatukana washiriki. Mtu akiulizwa mji mkuu wa Zambia akasitasita, Baba alipiga goti lake kwa kiganja. "Mjinga huyu! Lusaka! Hata mtoto wangu anajua." Kisha ananigeukia. "Si unajua?" Nami najibu kwa sauti, "Najua!" wakati sijawahi kuisikia Zambia. Watu wanacheka, na mimi najisikia msomi. Mshiriki akishindwa swali jepesi kabisa, chumba kizima kilisimama. Mjinga huyu! Amelipwa aseme hivyo! Mrudisheni darasa la kwanza! Ilikuwa furaha ya bure, na sijui kama kulikuwa na nyingine iliyotukutanisha vile, Wachaga na watu wa Kusini, wa kanisani na wa msikitini, sote tukiwa wajanja kuliko mtu mmoja aliyesimama kwenye taa peke yake.

Nilikuwa na imani yangu moja ambayo sikumwambia mtu. Mtangazaji wa kipindi kile alikuwa na mtindo wa kunyoosha kidole kwenye kamera na kusema, "Mtazamaji wangu hapo nyumbani, nakuona, usiguse hiyo rimoti." Mimi niliamini anatuona. Kila Jumapili nilivuta gauni langu lifunike magoti, na nilimwonea aibu Godi aliyekuwa akikaa kifua wazi. Na kama wanatuona, niliwaza, lazima wanatusikia. Ndiyo maana wale washiriki walikuwa wanababaika. Mtu anafikiria jibu lake taratibu, mara anasikia Kariakoo nzima inampigia kelele kwamba ni mjinga. Nani asingebabaika?

Siku Mama aliposema anataka kushiriki, Baba alicheka kwa raha. "Nenda! Nenda ukalete friji." Friji ndiyo ilikuwa zawadi kubwa. Sijui alipiga simu lini wala walimchagua vipi, ila asubuhi moja ya katikati ya wiki aliamka mapema, akavaa gauni lake la kitenge cha bluu lenye mikono mipana, Bi Somoe akamsuka nywele upya pembezoni, akaondoka. Alirudi jioni. Mimi na Godi tulimrukia mlangoni. Amepata? Friji inakuja lini? Mama akavua viatu. "Wamesema tusiseme mpaka kionyeshwe," akajibu, akaenda kuwasha jiko.

Baba akausikia ukimya ule kama ushindi. Sikumlaumu wakati ule, kwa sababu na mimi niliusikia hivyo hivyo. Wiki zilizofuata alimwambia kila mteja. Alimwambia muuza nyama, aliwaambia wanakwaya, aliwaambia madereva wa maroli walioshusha mzigo. Nilimsikia Mama akimwambia dukani, kwa sauti ya chini, "Baba Godi, usialike watu." Baba akashangaa kweli. "Mke wangu atoke kwenye tivii nisialike watu? Watanionaje?" Mama akachukua glasi nyingine.

Jumapili yenyewe ikafika. Makreti ya soda yalipangwa ukutani. Mama na Bi Somoe walipika pilau tangu tuliporudi kanisani, masufuria mawili makubwa yaliyotolewa dukani yakiwa bado na karatasi ya kiwandani kwa nje. Uani kulinuka iliki na moshi wa mkaa. Nilikuwa nimekaa karibu na ndoo ya maji nikichambua mchele uliobaki, nikamsikia Bi Somoe akiuliza, "Mama Godi, mbona mikono inatetemeka?"

"Joto la jiko hili, dada."

"Joto halitetemeshi," alisema Bi Somoe.

Watu walijaa mpaka wengine wakachungulia dirishani. Mama aliwekwa kwenye kochi, katikati, kama bibi harusi. Mimi nilikaa miguuni pake. Godi alikuwa amenieleza kwamba ilirekodiwa, ndiyo maana Mama anaweza kuwa ndani ya televisheni na kwenye kochi kwa wakati mmoja. Hilo nililielewa. Ambacho sikukielewa ni kwa nini sauti zetu nazo zisingekuwa zimeshafika kule, kama zilivyofika siku zote.

Akatokea. Chumba kikalipuka. Lile gauni la bluu lilikuwa zuri kuliko tulivyolijua, na shingo ya Mama ilionekana ndefu. Aliulizwa mto mrefu kuliko yote Tanzania, akajibu Rufiji. Aliulizwa mnyama gani hulala amesimama, sijui nini, akajibu. Aliulizwa jambo la bunge, akajibu hilo nalo, na Baba akasimama akawapungia mkono watu wa dirishani. Mimi niligeuka nimwone Mama wa kwenye kochi. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mikono yote miwili, anaangalia sakafu.

Kisha yule mtangazaji akauliza, "Mlima wa pili kwa urefu barani Afrika uko nchi gani?"

"Kenya," alisema Mama bila kusita. Watu ukumbini wakapiga makofi, na sisi tukapiga.

"Safi sana! Sasa hili nakupa bure kabisa, mama yangu. Na mlima wa kwanza kwa urefu, uko nchi gani?"

Mama wa kwenye televisheni alitabasamu kidogo. Midomo ikafunguka. Halafu ikatokea kitu usoni mwake, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Saa ya kipindi ilikuwa inagonga. Akasema, "Kenya."

"Aaah, mjinga huyu!"

Ilikuwa sauti ya Baba. Ilitoka yenyewe, na kile kiganja kilikuwa kimeshapiga goti. Nadhani hata yeye aliisikia baada ya sisi. Ndani ya televisheni kengele ikalia, na ungedhani mambo yameishia hapo. Lakini yule mtangazaji aliigeukia kamera, akainua nyusi, akamgeukia Mama tena na kumuuliza polepole, kwa utamu, "Mama, kwani wewe unatokea mkoa gani?"

Na Mama, kwa sababu ni mtu aliyelelewa kujibu akiulizwa, akajibu. "Kilimanjaro."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Na chumba chetu, kilichokuwa kinasubiri ruhusa, kikaanguka nacho. Walicheka wakishika mbavu. Walicheka na pilau ya Mama vidoleni, na mifupa ya nyama aliyoikata yeye mdomoni. Mpangaji mmoja alitoka nje kabisa akalala chini uani. Mama aliinuka, akaanza kukusanya chupa tupu za soda, akazipanga kwenye kreti moja moja, akibonyeza kila moja mpaka itulie mahali pake. Bi Somoe peke yake aliinuka naye. Alikunja mkeka wake, akasema bila kumwangalia mtu, "Mmeshiba, nendeni," na ingawa hapakuwa kwake, watu walianza kuondoka.

Nimeishi na jambo hili miaka mingi na bado linanichemsha. Mama yangu alizaliwa Machame. Alikua akiuona mlima ule kila asubuhi akienda kuchota maji, aliuona ukiwa na theluji na ukiwa na mawingu, alijua kwa rangi yake kama mvua inakuja. Hakuna mtu chumbani mle aliyeujua kama yeye. Ulimi wake uliteleza juu ya neno alilokuwa ametoka kulitamka, na alilitamka kwa sababu alikuwa amejibu sawasawa swali ambalo nusu ya waliocheka hawakulijua. Hilo la mlima wa pili nani alilikumbuka? Hakuna. Wala Rufiji, wala la bunge.

Kesho yake akawa Mama Kenya. Shuleni waliniimbia. "Mama yako Mkenya, kuleni ugali na sukuma wiki!" Wateja waliokuwa hawajawahi kuja dukani kwetu walikuja kumwona tu, wakashika sufuria, wakaigonga gonga, wakauliza, "Hii ni ya Kenya?" Na kituo kile cha televisheni kikakitengenezea kipindi tangazo, kikalionyesha kila siku kabla ya taarifa ya habari: Mama anasema Kenya, nyusi zinapanda, unatokea mkoa gani, Kilimanjaro, ha ha ha, usikose Jumapili. Kila siku. Tulikuwa tunakula, uso wake unaingia mezani.

Kutoka kijijini bibi yetu alipiga simu, kwa simu ya mjomba. Nilikuwa karibu, na bibi huongea kwenye simu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Hakuwa anatania. "Mwanangu, wamekufanya nini huko Dar? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nilikosea tu."

"Umesahau kwenu?"

Mama aliirudisha simu, akaenda bombani uani, akafungua maji kwa nguvu. Sufuria aliyokuwa anaiosha ilikuwa safi.

Na Baba? Baba alicheka nao. Nasema hivyo bila kumpunguzia. Nadhani mwanzoni hakujua afanye nini na lile neno lililomtoka mbele ya watu, akaona njia rahisi ni kulifanya utani wa nyumba nzima. Mteja akiingia akitabasamu, Baba ndiye alikuwa wa kwanza. "Karibu, karibu! Ndiye huyo, mke wangu, aliyewauzia majirani mlima!" Na watu wakanunua. Siku moja Mama alimwambia, "Inatosha sasa." Baba akajibu, "Mama Godi, nacho ni kitu? Biashara ni watu." Mama akamwachia glasi mkononi, akaenda nyuma. Tangu siku ile hakukaa tena dukani kukiwa na wateja. Alifungulia maboksi yake chumbani.

Nilimkuta huko jioni moja. Alikuwa amekaa sakafuni katikati ya magazeti na hakuwa anasoma lolote. Nikakaa karibu yake. Swali langu lilikuwa limenikaa kifuani muda mrefu.

"Mama, kule kwenye tivii, ulitusikia?"

"Niliwasikia nini?"

"Sisi. Tukipiga kelele."

Nilidhani atacheka. Alikunja gazeti mara mbili. "Nilimsikia baba yako," akasema.

"Anasemaje?"

"Anavyosemaga siku zote."

Kwangu lilikuwa jibu la kutosha kabisa. Lilithibitisha kila kitu. Kwa hiyo kesho yake, Baba alipokuwa anafungua milango ya duka na mimi namsubiri aninunulie vitumbua, nikamwambia kama mtu anayetoa habari. "Baba, Mama alikusikia."

"Alinisikia nini?"

"Ukisema mjinga huyu."

Uso wake ukabadilika. "Siku ile? Ilinitoka tu, mwanangu. Na alikuwa pale pale kwenye kochi, lazima angenisikia."

"Si kwenye kochi. Alikusikia akiwa ndani ya tivii. Kabla hajasema Kenya."

Baba alikuwa ameshika mlango mmoja wa mbao, ameuinua nusu. Alibaki nao hivyo. Mkokoteni ulipita, mtu akamsalimia kwa jina, hakuitika. Kisha akaurudisha ule mlango mahali pake, akafunga komeo, akaenda nyuma. Mtu aliyefungua duka siku ya pili ya Krismasi, mtu aliyefungua hata siku ya homa, alifunga duka siku ya kazi. Nilimsikia akisema, "Mama Godi, vaa twende tukawaambie watoe lile tangazo."

Godi alikuwa shule, mimi nilikuwa na kikohozi, kwa hiyo nilienda nao. Mapokezini pa kituo kile palikuwa na baridi ya kiyoyozi na viti vya plastiki. Baba alianza kupandisha sauti kwa dada wa mapokezi. Mama akamgusa mkono. "Wewe kaa hapa. Umeshasema ya kutosha." Akanishika mimi, tukasogea mbele wawili.

Yule mtangazaji alitoka mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomjua, na poda ilikuwa imebaki kwenye kola. Nilivuta gauni langu lifunike magoti.

"Mama yangu! Nyota wetu!" akasema, mikono wazi.

"Nimekuja kwa ajili ya tangazo lenu."

"Aa, mama, watu wanalipenda sana. Ni burudani tu."

"Uliniuliza mlima wa pili," alisema Mama. Sauti yake haikupanda. "Nikajibu. Nilipata?"

"Ulipata."

"Ukaniuliza wa kwanza, nikakosea. Nilikosea mimi, simsingizii mtu. Kengele ikalia. Mchezo uliendelea?"

"Hapana, ulikuwa umeisha, lakini..."

"Basi lile la unatokea mkoa gani lilikuwa swali la mchezo upi?"

Yule bwana alicheka kidogo, akamtazama dada wa mapokezi amsaidie. Dada akainamia karatasi zake.

"Ulikuwa umeshaniona nimeanguka," Mama akasema. "Ukaja kunifunua nguo. Halafu mnawaonyesha watu kila siku mlivyonifunua. Hiyo ndiyo burudani yako. Mama yangu mzazi ananiuliza kama naumwa."

Yule mtangazaji alisema ataongea na wakubwa. Alisema pole. Alisema pia, na hili ndilo lililonifanya nimchukie moja kwa moja, kwamba kama Mama angependa, wangeweza kumrudisha kwenye kipindi maalumu, ajibu tena lile lile swali, watu wafurahi. Mama akamwambia, "Asante," kwa namna ambayo sijawahi kusikia tena neno hilo likitumika, tukageuka. Baba alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia yote.

Nje jua lilikuwa kali. Baba alitembea nyuma yetu mpaka kwenye kivuli cha ukuta, ndipo akasema, "Mama Godi. Ulinisikia kweli?"

"Nilikusikia."

"Mimi nilikuwa nawasema watu wa kwenye tivii."

Mama akasimama, akamgeukia. "Na mimi nilikuwa wapi?"

Tulirudi Kariakoo, na tangu siku ile dukani hakuna mteja aliyesikia tena habari za mlima kutoka mdomoni mwa Baba. Mmoja aliyeanza kutania aliulizwa kwa upole anataka chombo gani, na alipoendelea, alionyeshwa mlango. Mama alirudi kukaa dukani. Hakusema amesamehe. Sidhani kama lilikuwa jambo la siku moja.

Lile tangazo lilitolewa wiki ile ile. Ningependa kusema ni kwa sababu ya Mama, lakini tuliwasha televisheni jioni tukaona sababu: walikuwa wamepata mwingine. Kijana mwembamba, shati limefungwa mpaka shingoni, ameulizwa bendera ya Taifa ina rangi ngapi, akasema tatu. Nyusi zile zile zikapanda. Akaulizwa alimaliza darasa la ngapi. Ukumbi ukaanguka. Baba alinyoosha mkono akaizima, akarudishia kitambaa. Mama alibaki anaitazama ile televisheni iliyofunikwa.

"Alisema anafanya kazi wapi yule?" akauliza.

"Gerezani," Godi akasema. "Pale kwenye gereji za magari, anauza spea."

Jumamosi Mama alinichukua tukaenda Gerezani kwa miguu. Siku hizi mabasi ya mwendokasi yanapita huko, wakati ule palikuwa na vumbi, grisi na milio ya nyundo tupu. Mama, na gauni lake la kanisani, aliuliza banda kwa banda, na hakuhitaji kuuliza sana, kwani kila mtu alimjua Rangi Tatu. Walimwonyesha kwa vidole huku wakicheka. Tulimkuta nyuma ya rundo la milango ya magari, anasugua betri kwa msasa. Alipoona mwanamke mgeni amesimama anamtazama, mabega yake yakainuka, kama mtu anayejikinga.

"Na wewe umekuja kuuliza?" akasema.

"Hapana," alisema Mama. "Mimi ndiye yule wa Kenya."

Alimtazama. Ilichukua muda kumfikia. Kisha akaweka betri chini, akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi, na mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikaogopa, nikidhani analia. Alikuwa anacheka. Mama naye akacheka, mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Kilikuwa kicheko ambacho sikukisikia nyumbani wiki zote zile. Yule kijana alivuta kiti cha gari bovu, akakipangusa kwa shati lake, akamkalisha. Alisema, "Shikamoo, mama," ambayo alikuwa ameisahau. "Marahaba," Mama akaitika. Akamuuliza jina, akamuuliza kwao, akamuuliza kama analala. Alisema hapati usingizi. Alisema kila akifumba macho anaiona ile bendera, rangi zote nne, moja moja. Mama akatikisa kichwa kama daktari anayesikia dalili anazozijua. Waliongea muda mrefu, na mimi nikala karanga alizoninunulia.

Tulipoinuka kuondoka, mafundi wa mabanda ya jirani walikuwa wamesogea kuangalia. Mmoja akapiga mluzi. "Rangi Tatu! Leo umepata mgeni!"

Wengine wakaanza kucheka. Mama alikuwa ameshanishika mkono na tumeshapiga hatua. Akarudi. Akasimama mbele ya yule aliyepiga mluzi, karibu kabisa, mpaka jamaa akaacha kutabasamu.

"Huyu anaitwa nani?" Mama akauliza.

Jamaa akawatazama wenzake. Nyundo moja iliyokuwa inalia kwa mbali ikanyamaza.

"Nimekuuliza. Swali jepesi hilo."

"Natania tu, mama..."

"Anaitwa Rashidi," alisema Mama, kwa sauti ambayo mabanda yote yaliisikia. "Haya, mwite."

Na yule fundi, mtu mzima mwenye ndevu, akalitamka.